Nilimpa mwenzangu wa darasa jina la "Greda", halafu nikapewa insha yake niijibu

Wakuu, poleni na majukumu.

Leo naandika kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani tangu nitoke shule. Majina nimebadilisha na shule siitaji, ila yaliyotokea ndiyo haya haya, sijaongeza kitu. Watu wa Kyela mtaotea tu ni wapi. Mkishaotea, naomba mnistiri.

Kilichonisukuma ni uzi mmoja humu wiki iliyopita. Mtu aliweka picha ya mahafali ya wanafunzi, watu wakamshukia binti mmoja aliyesimama pembeni, wakaanza kuuchambua mwili wake. Komenti zikawa nyingi. Na mimi nilishaandika yangu, tena ilikuwa ya kuchekesha kweli.

Nikaifuta. Nikaweka simu chini nikabaki naitazama, mpaka mke wangu akaniuliza kuna msiba wapi.

Turudi nyuma, zaidi ya miaka kumi na tano.

Nilikuwa nasoma sekondari moja ya kata, upande ule wa barabara ya kwenda Matema. Nyumbani tunalima mpunga na tuna kokoa kidogo. Nilikuwa natembea kwa miguu kwenda na kurudi kila siku.

Sasa wakuu, mimi nilikuwa mwembamba. Na sisemi wembamba wa kawaida. Mikono yangu ilikuwa sawa kuanzia begani mpaka kwenye kiganja, hakuna mahali palipojaa. Kwa hiyo nilikuwa navaa sweta. Shati la mikono mirefu, juu yake sweta la shule, mwaka mzima.

Aliyewahi kukaa Kyela mwezi wa kumi na moja anajua nasema nini. Joto la kule linakuloanisha hata ukiwa umekaa tu. Mimi niko ndani ya sweta, jasho linashuka mgongoni, nikiulizwa nasema nina malaria. Nilikuwa na malaria miaka miwili mfululizo.

Siku moja tukiwa kidato cha pili wakaja wahudumu wa afya kutupima uzito. Tukapanga mstari chini ya veranda ya darasa. Mmoja anasoma kilo kwa sauti, mwenzake anaandika. Ilipofika zamu yangu nikaambiwa nivue sweta.

"Thelathini na tisa."

Nyuma yangu mtu akasema, "Njiti." Basi, mstari mzima ukalipuka kwa kicheko.

Kwa wasiojua, njiti ni kile kijiti cha kiberiti. Lakini pia ndiyo wanavyomwita mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Na mimi ndivyo nilivyozaliwa. Hawakujua, lakini mimi nilijua.

Mtu wa tatu baada yangu alikuwa binti mmoja, nitamwita Sekela. Sekela alikuwa anatoka Ikombe, ule upande wa ziwa ambao hufiki mpaka upande mtumbwi kutoka Matema. Alikuwa anakaa hosteli. Alikuwa mrefu, mabega mapana, miguu mikubwa, na alikuwa hasemi sana. Kilo zake zilikaribia mara mbili ya zangu.

Tulipomaliza tukavuka barabara kwenda uwanjani. Watu bado wananiita Njiti. Mmoja ananipulizia mgongoni eti anazima kiberiti. Wakati ule barabara ilikuwa inachongwa, na greda lilikuwa linapita pale, lile kubwa la njano, linasukuma kifusi taratibu. Sekela alikuwa anatembea mbele yetu.

Nikasema, "Jamani, tumpishe Greda. Si hilo lenye matairi, huyu hapa wa mbele."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na kuanzia dakika ile hakuna aliyeniita Njiti tena. Nilijisikia mwepesi, sitawadanganya. Nilienda nyumbani nikiwa na furaha.

Jina likakaa. Ndani ya wiki shule nzima ilikuwa inamwita Greda, hadi watoto wa form one ambao hawakujua lilitoka wapi. Wavulana wakavumbua na mlio wake. Akisimama, nyuma kunaanza kunguruma kwa chini chini, midomo imefungwa, mwalimu hawezi kumjua anayenguruma ni nani.

Tukaingia kidato cha tatu. Akaja mwalimu mpya wa Kiswahili, tulimwita Madam tu. Mama wa makamo, anatembea na kapu badala ya mkoba, na alikuwa na zoezi moja ambalo hatukuwahi kuliona. Kila Ijumaa tunaandika insha kuhusu maisha yetu ya kawaida, huandiki jina, unaandika namba aliyokupa. Anazikusanya, anazisoma, Jumatatu anazigawa. Unapata ya mwenzako, unaenda nayo nyumbani, unamjibu nusu ukurasa.

"Msisahihishe," alisema. "Kusahihisha ni kazi yangu, nalipwa. Ninyi jibuni kama watu. Mwambie umeelewa nini. Halafu mpe kitu kimoja cha kwako."

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mimi nilipata insha ya mtu anayeamia ndege shambani ambaye alisinzia, ndege wakala hadi mpunga wa jirani. Nyingine ilikuwa ya mtu aliyeanguka kwenye kwaya wakati wa Pasaka, akaendelea kuimba akiwa chini. Tulikuwa tunasubiri Jumatatu kama sikukuu.

Halafu Ijumaa moja Madam akaandika ubaoni: "Mimi na mwili wangu."

Darasa likacheka. Akasubiri tucheke tumalize, akakaa, akaanza kusahihisha madaftari yake.

Mimi niliandika uongo. Niliandika kwamba mimi ni mchezaji, mwili wangu ni wa mazoezi, napenda mbio. Robo ukurasa. Niko ndani ya sweta naandika hivyo.

Jumatatu nikapewa insha namba kumi na nne. Nikaisoma mstari wa kwanza nikajua ni nani, maana darasani mtu wa kuvuka kwa mtumbwi alikuwa mmoja tu. Nikaikunja haraka nikaiweka ndani ya daftari.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa uani anageuza kokoa kwenye mkeka. Mama yangu kusoma aliishia darasa la nne, lakini anapenda kusomewa. Nilikaa kwenye kigoda nikaanza kuandika jibu langu. Niliandika haraka. Jikubali jinsi ulivyo. Mungu hakukosea kukuumba. Ukiona vipi fanya mazoezi. Mistari kama hiyo.

Mama akasema, "Soma hicho na mimi nisikie."

"Ni cha shule, mama."

"Kwani cha shule hakisikiki?"

Nikasoma ya Sekela. Nilikuja kuinakili baadaye, kwa hiyo kipande hiki nakikumbuka karibu chote:

"Natokea ng'ambo, kule ambako hakuna barabara. Mwisho wa mwezi nashuka Matema napanda mtumbwi, napiga kasia na mama. Nimepiga kasia tangu nikiwa darasa la pili, na siku za mnada tunabeba vyungu. Fundi aliponipima sare alimwita mwenzake aje aone kipimo. Sketi yangu imeongezwa kitambaa pembeni na rangi haifanani. Nikiwa nyumbani sijui kama nina mabega. Nayajua nikifika shuleni.

"Mwalimu akiuliza swali mara nyingi jibu ninalo. Lakini lazima usimame ndiyo ujibu, na nikisimama wananguruma. Kwa hiyo nasema sijui. Kwenye ripoti wameandika kwamba mimi ni mzito kuelewa. Baba amesema kama ni hivyo nikimaliza mwaka huu nirudi nyumbani nisaidie kufinyanga.

"Aliyenipa hili jina la Greda simjui. Ningemjua ningemuuliza kama nilimkosea."

Nilipomaliza mama alikuwa ameacha kugeuza kokoa.

"Huyo mtoto ni wa nani?"

"Hatuandiki majina, mama."

"Na huyo aliyemwita greda?"

Nikaanza kuikunja karatasi.

"Mama wa huyo aliyemwita anajua?"

"Hajui," nikasema.

Akaanza tena kugeuza kokoa. "Maskini," akasema. "Atakuwa anaenda kanisani anashukuru kwa kupewa mtoto."

Wakuu, nimechapwa fimbo nyingi katika maisha yangu. Hakuna iliyofika pale ile sentensi ilipofika.

Nikasema, "Mama, ni mimi."

Hakugeuka. Alisema, "Ngoja nimalize kokoa." Nikangoja. Alimaliza mkeka mzima, tena taratibu, akanawa mikono, akaja akakaa chini karibu na kigoda changu. Nilijua napigwa.

Hakunipiga. Alinishika mkono, akapandisha sweta mpaka kwenye kiwiko, akauangalia mkono wangu kama vile hajawahi kuuona.

"Ulipozaliwa," akasema, "nilikuwa nikienda kliniki wanawake wananiuliza nimebeba nini. Mmoja akasema ni panya. Nikawa nakufunga nguo tatu, joto lote hili, wasikuone. Nesi akanigombeza, akasema mama utamuua mtoto kwa joto. Nikamwambia bora joto."

Akalishusha sweta, akanifunika mkono.

"Sasa na wewe umekuwa mwanamke wa kliniki."

Nikalia. Niko kidato cha tatu, ndevu zinataka kuota, nalia.

Akachukua lile jibu langu, akaniambia nimsomee na hilo. Nilipomaliza akasema, "Hayo ni maneno ya mtu anayetaka kuondoka haraka. Andika upya. Na usimwandikie mahubiri, kanisani anaenda mwenyewe."

Niliandika upya. Ilinichukua siku tatu, na jibu lenyewe lilikuwa ukurasa mmoja. Nilimwambia nimeisoma insha yake mara tatu. Nilimwambia kuhusu sweta na malaria ya uongo. Nilimwambia kuhusu kilo thelathini na tisa na njiti. Halafu nikamwandikia kwamba hakunikosea kitu, na kwamba jina lile lilitoka kinywani mwangu siku tunavuka barabara, kwa sababu nilitaka wale watu wageukie kwingine, na yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Mwishoni nikaweka na sifa. Nikaandika kwamba mabega yake ni mazuri kwa sababu yanasaidia familia. Kumbukeni hiyo sentensi, nilidhani ndiyo bora kuliko zote.

Madam alikuwa anasoma majibu kabla hayajarudi kwa wenyewe. Alhamisi akaniita nje ya ofisi. Alikuwa amelishika lile jibu langu.

"Nikimpa hili, huwezi kulirudisha."

"Najua, Madam."

"Umeliandika ili yeye apone au ili wewe upone?"

Nikamwambia sijui.

"Angalau hujadanganya," akasema. "Lakini hapa umeweka namba. Ukishasema mambo kama haya, unaweka jina." Akanipa kalamu yake. Nikaandika jina langu, herufi zikapanda mlima.

Jumatatu Sekela akapewa. Alikuwa anakaa karibu na dirisha. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma upande wa pili, najifanya nasoma. Alisoma, akakunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa sketi, akaangalia nje. Kengele ilipolia akatoka.

Wiki nzima hakuniangalia. Wiki nzima sikula vizuri, na mtu mwenyewe sina pa kupungua.

Jumatatu iliyofuata Madam aligawa insha nyingine, na juu ya ile yangu alikuwa ameweka kikaratasi kilichokunjwa. Mwandiko niliujua. Ulikuwa mfupi, nakumbuka neno kwa neno:

"Nimesoma. Nimekasirika na bado nimekasirika. Nilidhani labda ni mtu ninayemchukia, kumbe ni mtu ambaye sijawahi hata kuongea naye. Jina umelileta wewe, kuliondoa ni kazi yako, usinitume mimi. Na usiseme mabega yangu ni mazuri kwa sababu yanabeba vyungu. Hata yasipobeba kitu ni yangu. Halafu vua hilo sweta, linanuka."

Nilicheka peke yangu darasani. Nikapewa adhabu ya kufagia, nikafagia nacheka.

Nilianza kazi ya kuliondoa jina. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Niliwaambia washkaji waache, wakasema Njiti kampenda Greda. Ambakisye, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa kunguruma, akatunga na wimbo. Kadiri nilivyosema waache ndivyo walivyozidi. Jina nililitoa bure kwa sekunde moja, sasa kulirudisha hakuna anayenisikiliza.

Nikamfuata Sekela kwenye bomba la maji. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongea naye.

"Nataka kulisoma lile jibu mbele ya darasa," nikamwambia. "Ile sehemu yangu tu. Ya kwako sitagusa."

Akafunga bomba. "Watakuita Njiti tena."

"Wameshaanza."

"Na wote watanitazama mimi."

"Ndiyo maana nimekuja kukuuliza."

Alifikiria, ndoo imejaa. Nikainama kuinyanyua nimsaidie, ikanishinda, maji yakanimwagikia miguuni. Akainyanyua yeye kwa mkono mmoja.

"Soma," akasema. "Ila usome nikiwemo. Usinifanyie mambo mgongoni."

Ijumaa ile nikamwomba Madam nafasi. Nilisimama mbele nikiwa na shati la mikono mifupi. Sweta nililiacha nyumbani. Mikono yangu yote miwili iko nje, watu arobaini na kitu wanaiangalia. Kabla sijafungua mdomo walishaanza kucheka, kwa hiyo nikasubiri.

Nikasoma. Nilisoma mstari wa kilo thelathini na tisa, nikasoma kwamba kweli nilizaliwa njiti, nikasoma kwamba siku ile niliogopa nikamtupia mwenzangu kile nilichotupiwa mimi. Sekela alikuwa ameangalia ubao wakati wote.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Hizi stori za watu kusimama na kupiga makofi mimi sijawahi kuziona. Ambakisye akanguruma kidogo, watu wawili watatu wakacheka, wengine wakageuka kumwangalia. Madam akasema, "Asante, kaa." Tukaendelea na vitenzi.

Na jina halikufa siku ile, wakuu. Sitaki kuwadanganya. Liliendelea.

Lakini kuna siku, kama mwezi mmoja baadaye, kipindi cha biolojia. Mwalimu akauliza swali la moyo, damu inaingia wapi inatoka wapi. Nikasikia kiti kinasogea karibu na dirisha. Sekela kasimama.

Nyuma wakaanza kunguruma.

Hakukaa. Alisubiri. Alisimama vile vile mikono ameishusha, akawasubiri wamalize, kama mtu aliyesimama kando ya barabara anangoja gari lipite avuke. Ngurumo zikaisha zenyewe, maana pumzi ina mwisho. Ndipo akajibu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea.

Mwalimu wa biolojia alibaki ameshika chaki.

Siku iliyofuata akasimama tena. Wakanguruma, fupi kidogo. Akasubiri. Akajibu. Ikawa hivyo hivyo kila siku mpaka wenyewe wakachoka, na Ambakisye akaanza kuazima daftari lake la biolojia. Ripoti ya mwisho wa mwaka ilipotoka, Madam aliandika barua kwa mkono kwenda kwa baba yake. Sijui aliandika nini. Sekela hakurudishwa kufinyanga, aliendelea na shule.

Tulikuja kuwa marafiki, taratibu, baada ya yeye kuamua. Likizo moja alinialika kwao pamoja na wenzetu wawili. Pale Matema nikasema nataka kupiga kasia. Tulizunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa kamba, hadi wavuvi wakasimama kutuangalia. Sekela akaninyang'anya kasia bila kusema neno.

Mama yake alikuwa amekaa nje, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko, anazungushia mdomo wa chungu. Alikuwa mwanamke mfupi, mdogo kabisa. Akamuuliza binti yake, "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Akanitazama juu hadi chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote.

"Mpeni ugali mwingi," akasema, "upepo wa ziwa usije ukamchukua kabla sijamsema." Tukala samaki, na baada ya kula akanisema kweli, kwa nusu saa, kwa upole, huku akiendelea na chungu chake. Nilipomaliza kusemwa nikamwambia ndaga, yaani asante. Akasema nirudi tena.

Najua mnasubiri niseme nilimuoa. Hapana. Aliolewa na mtu mwingine huko Songea, mimi nikaoa kwingine. Yeye sasa ni mwalimu, na mnaweza kukisia wa somo gani. Mimi niko mpakani Kasumulu, nashughulika na karatasi za mizigo ya watu. Bado ni mwembamba, kitambi kimekataa kabisa.

Mwaka huu alipita hapa akivuka mpaka kwenda Karonga kwenye harusi. Alikuwa na binti yake wa miaka tisa. Tukakaa kwenye kibanda cha mama lishe mmoja, tukaagiza wali na mbasa, samaki wa ziwani. Yule mtoto ni Sekela mtupu, mrefu kuliko umri wake, mabega yale yale, miguu mikubwa kwenye viatu vya wazi.

Tukiwa tunakula akaniuliza, "Mjomba, eti ulisoma na mama?"

"Nilisoma naye."

"Alikuwaje?"

Sekela akaacha kula. Alikuwa anaangalia sahani yake tu, lakini nilijua anasikiliza. Nikawaza mengi kwa muda mfupi. Nikawaza niseme alikuwa na akili. Nikawaza niseme alikuwa shujaa.

"Alikuwa mkubwa," nikasema.

"Kama mimi?"

"Kama wewe."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. "Sawa," akasema, akavuta sahani ya samaki karibu yake akaendelea kula. Sekela naye akacheka kimya kimya, akamwondolea mwanaye mwiba kwenye kipande cha samaki.

Basi wakuu, nilichojifunza si kikubwa. Mtu akikuambia jambo la mwili wake, kwa insha au kwa mdomo au kwa picha aliyoiweka mwenyewe, msome hadi mwisho kabla hujafungua mdomo. Usimkimbize na ushauri. Usimtafutie sababu ya kumfanya akubalike, hajakuomba. Na kama ulimtupia jina ili wewe upumue, usingoje akutafute, mfuate wewe, useme mbele ya wale wale waliocheka.

Walioitwa majina shuleni karibuni mseme. Ila leo nawasubiri zaidi waliotoa majina. Najua tuko wengi humu, na wengi wetu tunajua hadi leo yule mtu anaishi wapi.